Kauboi aliyekuja kupigiwa picha huku kwetu

Leo tuache habari za boom na UE, tuongelee sinema.

Watu wa filamu za kauboi wanaijua Cimarron, iliyobeba Oscar ya filamu bora mwaka 1931, enzi sinema ndiyo kwanza zimeanza kutoa sauti. Sasa basi, moja ya filamu ilizozipiga chini siku ile ilishutiwa huku Afrika Mashariki! Inaitwa Trader Horn, ya kampuni ya MGM.

Mwongozaji W.S. Van Dyke alikuja na kikosi chake mwaka 1929. Walizunguka sana, lakini picha kali kuliko zote ni za Murchison, Uganda. Sisi wa Misungwi hayo maji ni yetu jamani: yanatoka ziwani kwa Jinja, yanapita Kyoga, halafu Nile nzima inajibana kwenye mwanya wa mita 7 hivi na kuporomoka zaidi ya mita 40. Muziki wa kupamba karibu hamna. Ni ngoma, wanyama na maji tu, na mimi naona hapo ndipo ilipowazidi wenzake.

Ila hadithi yenyewe, mh! Ni kauboi tupu. Horn ni Harry Carey, nyota wa filamu za kauboi tangu enzi za sinema bubu. Wahindi Wekundu wameondolewa, tumewekwa sisi, eti tunatawaliwa na binti wa kizungu tunayemwabudu. Edwina Booth, aliyecheza huyo binti, aliugua vibaya baada ya safari hiyo hadi akaishtaki MGM.

Aliyeniteka ni Mutia Omoolu, Mkenya aliyecheza Renchero, mbeba bunduki. Kazi aliyopewa ni kutii na kufa kwa ajili ya bosi, lakini anasimama kwa utulivu mpaka Carey anaonekana mgeni (na kweli alikuwa mgeni!). Sehemu nyingi za mazungumzo zilirudiwa Hollywood, ikabidi naye apelekwe huko.

Kinachoniuma ni kilichofuata. Mwaka 1932 Van Dyke huyohuyo alitengeneza Tarzan the Ape Man, akachomekamo picha zilizobaki za huku. Yaani mto una jina, watu wana makabila na lugha zao, vyote vikageuzwa "msitu wa Tarzan". Tarzan kila mtu anamjua. Mutia Omoolu, nimeuliza bweni zima, hakuna hata mmoja.