Kijani cha Ugogo: Maji, Mifugo na Makao Makuu

Misafara iliyotoka Bagamoyo kuelekea Unyanyembe, upande wa Tabora, katika karne ya 19, ilipokwisha kuiacha Mpwapwa na kuivuka nyika ya Marenga Mkali isiyo na maji ya kunywa, iliingia Ugogo ikiwa taabani kwa kiu, na hapo watemi wa Kigogo walidai hongo ya nguo, shanga na waya kabla ya wapagazi kuruhusiwa kukaribia visima. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke waliofunga safari mwaka 1857, na Stanley aliyewafuata mwaka 1871, walijaza kurasa kwa malalamiko juu ya ada hiyo, wakiihesabu kuwa ni unyang'anyi mtupu. Lakini mwenye insafu, akizingatia kwamba kisima cha Ugogo kilichimbwa kwa mikono ya wenyeji, na kwamba maji yaliyonywewa na msafara wa watu mia kadhaa ndiyo yaliyotegemewa na watoto na ng'ombe mpaka mvua za Desemba, hatakosa kukiri kuwa watemi wale walijua jambo ambalo serikali zilizokuja baada yao zilichelewa mno kulijua: ya kwamba katika uwanda huu atakaye kuyatumia maji hana budi kwanza kuuliza yapo kiasi gani.

Dodoma imekaa juu ya uwanda ulioinuka zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na mvua yake ya mwaka, ambayo wastani wake ni kiasi cha milimita 570, hunyesha baina ya Desemba na Aprili, kisha mbingu hufunga kwa miezi saba au minane. Wastani huo nao haumwambii mtu jambo lililo kubwa. Katika bonde la Makutupora, kaskazini mwa mji, ambako visima virefu vimeinywesha Dodoma kwa miaka mingi, kina cha maji kimekuwa kikipimwa tangu miaka ya 1950, na wataalamu waliochapisha hesabu zake mwaka 2013 walionyesha kuwa katika muda wa miaka 55, misimu 7 tu ya mvua nyingi kupita kiasi ndiyo iliyoleta asilimia 60 ya maji yote yaliyopenya ardhini. Maana yake ni kwamba mji huu huishi kwa akiba ya misimu michache ya neema, mathalan ule wa El Nino wa 1997 na 1998, na kila bustani inyweshwayo kwa bomba mwezi wa Septemba huchota katika akiba hiyo.

Waingereza walipofika Kongwa, mashariki ya Dodoma, mwaka 1947 na mradi wao wa karanga, hawakuwa na subira ya kuuliza. Walikusudia kulima zaidi ya ekari milioni 3 katika Tanganyika na nchi za jirani, ili kuwapatia watu wa kwao mafuta ya kupikia yaliyoadimika baada ya vita. Wakaleta matingatinga, na hata vifaru vilivyogeuzwa kuwa matrekta, wakang'oa vichaka na mibuyu. Na udongo ule wa mfinyanzi, jua lilipouwakia, ukakakamaa hata mashine zikashindwa, na mvua iliyotazamiwa isije kwa wakati wake. Mwaka 1951 mradi ulikomeshwa, ukiwa umekwisha kuteketeza karibu pauni milioni 36, na sehemu ya ardhi hiyo ikafanywa ranchi ya ng'ombe, kazi ambayo Wagogo wangaliishauri tangu siku ya kwanza lau wangaliulizwa.

Ajabu ni kwamba Waingereza hao hao, katika jambo dogo la mchezo, walikuwa wamekwisha kuitii hali ya nchi. Gofu ya Uskoti ilikulia katika fukwe zenye mchanga na mvua za mwaka mzima, ambako nyasi zilifupishwa kwa meno ya kondoo; na ilipoletwa katika vilabu vya bara la Afrika, mahali ambapo kumwagilia nyasi wakati wa kiangazi kungalikuwa israfu, wachezaji walitandaza kuzunguka mashimo mchanga uliochanganywa na mafuta na kusawazishwa kwa reki, wakacheza juu yake bila kuona haya. Mafuta yale hayakuwa dawa ya ardhi, wala sisemi yaigwe. Lakini kanuni ni ile ile ambayo leo hufuatwa na wasanifu makini wa viwanja vya gofu vya mahoteli ya mwambao, wapandao nyasi ya paspalamu istahimiliyo maji ya chumvi, na kuyatumia tena maji taka yaliyokwisha kusafishwa, ili kisima cha kijiji jirani kisikauke kwa ajili ya starehe ya mgeni.

Mwaka 1973 chama tawala, TANU, kilikata shauri la kuhamishia makao makuu Dodoma, na mwaka huo huo ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana na watu wote kwa jina la HADO, kwa msaada wa Sweden. Mwaka mmoja kabla yake, mtaalamu wa Sweden Anders Rapp na wenziwe walikuwa wamechapisha uchunguzi wao juu ya mabwawa ya Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi, wakabainisha jinsi yalivyokuwa yakijaa tope lililochukuliwa na mvua kutoka katika miteremko iliyobaki uchi. Kwa hiyo aliyetaka mji wenye maji alilazimika kuanzia mbali na mji, juu vilimani, kwenye malisho.

Maafa makubwa kuliko yote yalikuwa Kondoa, katika vilima vya Irangi. Huko makorongo yalikuwa yamepasua mashamba ya Warangi, udongo mwekundu ukaanikwa, na mito ikageuka njia pana za mchanga. HADO ilianza kwa kuchimba makingamaji kwa matrekta, kupanda miti, na kupanda katani ndani ya makorongo ili yasiendelee kula. Lakini maadamu mifugo iliendelea kupita, kila kilichoota kililiwa. Ndipo mwaka 1979 ilipotoka amri kwamba ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda, jumla yao takriban 90,000, waondolewe katika eneo la kilomita za mraba 1,256, likafungwa. Mwaka 1986 amri kama hiyo ikafika Mvumi, katika nchi ya Wagogo.

Ardhi iliitika upesi: baada ya misimu michache nyasi zilirudi, visiki vilivyodhaniwa vimekufa vikachipua, na mashamba yakapatikana katika mabonde ambayo zamani yalifurika mchanga. Lakini haki haitendeki kwa kusimulia nusu ya habari. Mifugo ile haikutoweka. Aghalabu ilipelekwa katika nyanda za jirani, nazo zikaelemewa. Mama aliyezoea kukamua asubuhi alijikuta akitafuta maziwa ya kununua, mashamba yakakosa samadi, na mfugaji, ambaye kwake ng'ombe ni akiba na mahari na heshima, alihisi amefukuziwa mali yake kwa ajili ya majani. Tangu mwaka 1989 ng'ombe wa maziwa wa kufungiwa bandani wakaanza kuingizwa katika eneo lililofungwa, wakilishwa nyasi za kukatwa. Na kwa maoni yangu kuchelewa kwa hatua hiyo kwa miaka 10 ndiyo kasoro kubwa ya HADO, kwani banda lingalitangulia amri, amri ingaliacha uchungu mdogo zaidi.

Mji nao ulikuwa na ramani yake. Kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, iliyoongozwa na Macklin Hancock, ilikabidhi mwaka 1976 mpango wa makao makuu usiokuwa na fahari ya kutisha, mji utakaofuata umbile la vilima, wenye njia za watu waendao kwa miguu na za mabasi, na maeneo ya kijani baina ya mitaa. Chini ya Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyodumu hadi 2017, miti ilipandwa, na mwarobaini, usioomba maji mengi wala kupendwa na mbuzi, ukatia vivuli barabarani. Nyasi za kumwagilia hazikupata maisha marefu kama hayo.

Katika miaka hii ya karibuni vijiji vya Dodoma vimefundishana njia iitwayo Kisiki Hai, iliyotangazwa na shirika la LEAD Foundation tangu 2018 kwa ushirikiano na Justdiggit: mkulima huchagua machipukizi yenye nguvu katika kisiki cha mti wa asili, huyapogolea, huyafunga kitambaa kuwa alama, kisha huyalinda na mifugo. Haihitaji kitalu wala bomba, kwa sababu mizizi imekwisha kuyafikia maji.

Sasa majengo ya wizara yamesimama Mtumba, mji wa serikali ulio Dodoma, na kila ofisi inataka ua wake uwe na zulia la nyasi. Nawasihi wale waliopewa dhamana ya kuusanifu na kuutunza mji ule, kabla hawajaagiza nyasi zao, waende kwanza Makutupora wakasome kina cha visima, kisha waende Kondoa wakazungumze na wazee waliouona mwaka 1979.