Mwandishi Aliyeitwa Ngumbaru

Watu wa pwani ya Kenya walikuwa wakiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu muda mrefu kabla Waingereza hawajaanza kutawala mwaka 1895. Tenzi, barua na hesabu za biashara zilitiwa katika hati hiyo. Serikali ya kikoloni ilipozifanya herufi za Kirumi kuwa ndizo za shule na ofisi, mzee aliyesoma chuoni, mwenye kujiandikia barua zake, alijikuta akitia kidole gumba mbele ya karani na kusomewa mkataba wa shamba lake mwenyewe. Madarasa ya ngumbaru, yaliyoenezwa kwa kampeni ya mwaka 1979, nayo yalifuata herufi za Kirumi. Basi wanapohesabiwa wasiojua kusoma, yafaa kuuliza kwanza: kusoma hati ipi?