Ngoma Ilivyopanda Mlimani

Kabla ya shule za madawati, jamii nyingi za Tanganyika zilifunza mambo mazito kwa wimbo na mchezo. Katika unyago, kungwi hakulitenga somo la unyumba na uzazi mbali na ngoma iliyolibeba. Mwari aliimba, akacheza, akacheka, na humo humo akaelimika.

Utengano uliingia na ukoloni. Mwishoni mwa karne ya 19 misheni nyingi zilipiga ngoma marufuku kwa kuziona za kishenzi. Baadaye shule za Waingereza zikaleta tamthilia za kwao. Kicheko kilibaki, ila kiligeuzwa silaha: vichekesho vilimdhihaki Mwafrika aliyeshindwa kuiga Uzungu. Nje ya shule watu waliendelea kucheza. Beni, iliyozuka pwani ya Kenya miaka ya 1890 kwa kuiga bendi za kijeshi, ilienezwa bara na askari wa vita vya 1914–1918. Ilikuwa na vyeo, mashindano makali, na wanachama waliosaidiana katika shida.

Chuo kikuu kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961, kikahamia Mlimani mwaka 1964. Huko Terence Ranger, aliyefukuzwa Rhodesia, alifundisha historia hadi 1969. Mwaka 1975 alichapisha kitabu kizima kuhusu beni. Mchezo uliodharauliwa na watawala ukawa ushahidi wa kitaaluma. Nao huo, kwa maoni yangu, ni ushindi mkubwa kuliko majengo yote ya Mlimani.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967 wasomi walidaiwa warudi kwa wananchi, na miongoni mwa walioitika kwa dhati walikuwa watu wa sanaa za maonyesho wa chuo hicho. Ebrahim Hussein aliandika *Kinjeketile* (1969) juu ya Vita vya Maji Maji. Penina Muhando, katika *Nguzo Mama* (1982), alimtumia msimulizi wa hadithi na nyimbo kuonyesha wanawake wa kijiji wakihangaika kuisimamisha nguzo. Mtazamaji hucheka wanapogombana, kisha huona kwamba nguzo bado iko chini.

Miaka ya 1982 na 1983, Muhando, Amandina Lihamba na wenzao wa chuo kikuu walikwenda kijiji cha Malya, mkoani Mwanza. Hawakwenda na tamthilia mkononi. Walichunguza matatizo pamoja na wanakijiji, mimba za wanafunzi zikiwemo. Vijana wakayatungia mchezo kwa ngoma zao wenyewe. Kisha watazamaji wakajadili la kufanya. Utafiti, uchambuzi na mjadala, yaani kazi yote ya msomi, vilifanyika uwanjani, ngoma zikilia.

Mwaka 1996 mbinu hiyo iliingia shule za sekondari kwa jina la Tuseme. Wasichana huchunguza yanayowazuia kusoma, huyaigiza mbele ya walimu wao, huyaimba na kuyacheza. FAWE, shirika la wanawake wanaelimu wa Afrika, limeieneza katika nchi nyingi za Afrika, na mambo ambayo binti asingethubutu kuyatamka ofisini kwa mwalimu mkuu, huyasema jukwaani.