Bonde la Lualaba: maji yakirudi mtoni, lechwe wa Upemba anabakia na fasi gani?

Kila mwaka, karibu na mwezi wa tano, mvua inakatika katika Haut-Lomami. Juu kwenye milima ya Kibara, usiku wa mwezi wa sita na wa saba kuna baridi kali. Chini, katika bonde la mto Lualaba, maji yenye yalifunika majani yanaanza kurudi nyuma polepole. Njo wakati wavuvi na wasafiri wanaona nyama wa pori wengi zaidi: viboko, mamba, ndege wa maji. Njo wakati pia nyama mmoja, mwenye haishi fasi ingine yoyote duniani, yuko katika hatari kubwa.

Mto na maziwa yake

Lualaba inatokea kusini, karibu na mpaka wa Zambia. Inapita upande wa Kolwezi, kwenye mabwawa ya umeme ya N'Zilo na Nseke, kisha inashuka mpaka Bukama, kwenye daraja la treni ya Lubumbashi na Kamina. Kutoka Bukama udongo ni tambarare. Maji yanapanuka na kuingia katika maziwa mengi na mafunjo: Upemba, Kisale, Kabamba na mengine madogo. Bonde hili linaitwa Kamalondo, ao bonde la Upemba.

Mvua zinaanza karibu na mwezi wa kumi, lakini mafuriko hayafiki siku ileile. Mafunjo yanashika maji kama sifongo, na kilele kinakuja tu mwisho wa mvua. Baadaye maji yanashuka mpaka mvua mpya. Samaki wanazaa katika majani yenye kufunikwa na maji, na watu wanaishi kwa samaki hao tangu zamani sana. Makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, yaliyochimbuliwa na wataalamu mwaka wa 1957 na 1958, yanaonyesha kwamba wavuvi na wafua chuma walikaa hapo zaidi ya miaka 1,000 iliyopita.

Lechwe wa Upemba ni nani?

Ni swala wa maji. Anakula majani ya fasi zenye unyevu, na kwato zake ndefu zinamsaidia kutembea katika matope. Akikimbizwa, anaingia majini. Kuko lechwe wengine Zambia na Botswana, lakini mwaka wa 2005 mtaalamu Fenton Cotterill alionyesha kwamba huyu wa kwetu ni wa namna yake peke yake. Alilinganisha mafuvu na pembe zilizotunzwa katika jumba la makumbusho huko Ubelgiji tangu wakati wa ukoloni. Jina lake la kitaalamu ni Kobus anselli.

Katika miaka ya 1970, walikadiriwa kuwa karibu 22,000. Mwezi wa tatu 2024, watafiti walipita juu ya bonde na ndege ndogo. Waliona 10 tu. Katika ripoti yao ya 2025 walisema kwamba wote pamoja pengine hawafiki 100. Picha waliyopiga siku hizo ndiyo ya kwanza kutangazwa ya lechwe huyu akiwa hai.

Mbuga ya Upemba ilianzishwa tarehe 15 mwezi wa tano 1939. Leo ina kilometa za mraba 11,730. Inachungwa na ICCN pamoja na shirika Forgotten Parks tangu 2017. Ndani kuko tembo, na punda milia wa mwisho wa inchi yetu. Lakini mipaka kwenye ramani peke yake haitoshi: lechwe anafuata maji, na maji yanafika pia kwenye vijiji na kambi za wavuvi.

Juu ya nini majira yanamugusa

Maji yakiwa mengi, lechwe anajificha mbali katika majani. Yakishuka, anasogea pamoja nayo, kwa sababu majani mabichi yako pembeni ya maji. Wavuvi nao wanapanga kambi zao palepale, na moto wa kiangazi unaunguza majani makavu nyuma yake. Anabakia katikati ya moto na watu.

Mafuriko yakiwa madogo, shida inaongezeka. Samaki wanapungua, hasa fasi wanavuliwa na nyavu za chandarua zenye kushika hata watoto wa samaki. Mwenye kukosa samaki anatafuta nyama ya kuuzisha. Ni hivi maisha ya mvuvi na ya lechwe yanafungana.

Wataalamu wa hali ya hewa wa Umoja wa Mataifa wanasema Afrika inapata joto haraka kupita wastani wa dunia. Majira ya 2023 na 2024 yalionyesha namna mvua inaweza kukosa usawa: mto Kongo ulifurika sana Kinshasa, na wakati huohuo Zambia, jirani wa chanzo cha Lualaba, ilitangaza ukame kuwa janga la taifa. Bonde letu liko katikati ya hali hizo mbili.

Ukiona nyama wa pori

– Lechwe: usimukimbize, wala usiwashe moto karibu. Andika siku, fasi na hesabu ya nyama. Ukiwa na telefone, piga picha ya mbali. Peleka habari kwa walinzi wa mbuga ao kwa chefu. Usitangaze fasi yenyewe kwenye WhatsApp, kwa sababu wawindaji nao wanasoma.
– Kiboko: usisimame katikati yake na maji. Usiku anatoka kula, kwa hiyo epuka njia zake.
– Mamba: maji yakishuka, wanakusanyika katika mashimo yenye kubakia. Chota maji fasi yenye kuonekana wazi, na usiache watoto waoge peke yao.
– Nyavu: fuata amri ya kufunga uvuvi wakati samaki wanazaa. Samaki wa mwaka kesho wanatoka hapo.

Kuwinda ndani ya mbuga kunakatazwa na sheria ya tarehe 11 mwezi wa pili 2014 juu ya kulinda viumbe. Lakini kwa hesabu yenye haifiki 100, hata mtego mmoja wa mtu mmoja ni hasara kubwa. Lechwe akiisha Kamalondo, hakuna fasi ingine ya kumutoa ili arudishwe.