Habari za Mberoshi na Jina Lake

Mberoshi huu tuuonao umepandwa katika milima ya Kenya na Kilimanjaro, wataalamu wa mimea waliuita Cupressus lusitanica, yaani mberoshi wa Ureno. Walakini kwao si Ureno, ni Meksiko na nchi za kusini yake. Philip Miller, mtunza bustani wa London, aliupa jina hilo mwaka 1768, kwa kuwa ulikuwa umekwisha kupandwa Ureno. Kosa likajulikana, lakini kwa sheria ya wataalamu jina lililotangulia halifutwi kwa kosa la namna hiyo. Mwaka 2009 wengine waliutenga na miberoshi ya Ulaya, wakauita Hesperocyparis. Neno lusitanica wakalibakiza. Mtarakwa wetu nao, tuliozoea kuuita mwerezi, ni wa jamaa ya mberoshi; mwerezi wa Lebanoni ni wa jamaa ya misonobari.