Ya Kwanza au ya Pili?

"Kaka, hii ni ile ya kwanza au ya pili?"

Kwa miaka miwili hivi niliulizwa swali hilo karibu kila siku. Nilikuwa na kibanda cha kurekodi kanda Mwanjelwa, Mbeya, pembeni ya soko la zamani: deki mbili, spika moja iliyoning'inia mlangoni, na rafu ya mbao niliyoipigilia mwenyewe. Aliyeuliza hakutaja jina la msanii, wala mimi sikumuuliza. Ya kwanza ilikuwa Ni Mimi, iliyotoka mwaka 1995. Ya pili ilikuwa Ndani ya Bongo, ya mwaka 1996. Mwenye kanda hizo alikuwa Joseph Mbilinyi, ambaye wakati ule alijiita 2-Proud, halafu Mr. II, na ambaye leo nchi nzima inamwita Sugu. Mbeya tulimhesabu kijana wetu miaka mingi kabla hatujampeleka bungeni mwaka 2010.

Leo nikilikumbuka swali lile, naona lilikuwa jipya kabisa katika muziki wetu. Mtu wa rika la kaka yangu mkubwa asingeliuliza, kwa sababu muziki alioupenda haukuwa na ya kwanza wala ya pili.

Mimi ni mzaliwa wa Iringa. Kaka yangu alikuwa kibarua, kisha mwajiriwa, katika kiwanda cha Tancut, kampuni ya umma iliyokuwa ikikata almasi pale mjini. Kama mashirika mengi ya umma ya wakati ule, Tancut ilikuwa na bendi yake, Tancut Almasi Orchestra. Mwishoni mwa miaka ya 1980 bendi hiyo ilivuma nchi nzima, mbele wakisimama mapacha wawili kutoka Zaire, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa. Wimbo wao Nimemkaribisha Nyoka ulipigwa Redio Tanzania mpaka watoto wa mtaani kwetu tukaujua wote, na tuliona fahari kwamba unatoka Iringa, siyo Dar es Salaam.

Lakini kwetu hakuna aliyekwenda dukani kununua kanda ya Tancut yenye jalada, jina na mwaka. Bendi zilirekodi studio za Redio Tanzania, nyimbo zikahifadhiwa kule kule, zikarushwa hewani, basi. Ukitaka kuwa na wimbo unausubiri. Kaka alikuwa anaweka redio kaseti yake mbele ya redio ya baba, anatunyamazisha wote, anabonyeza vitufe viwili kwa pamoja mara tu mtangazaji anapomaliza kutaja jina la bendi. Kanda zake zote zilikuwa na sauti za nyumbani kwetu ndani yake. Katika mmoja wa nyimbo za Tancut anasikika jogoo, na baada ya jogoo anasikika mama akikohoa.

Upya wa bendi ulipimwa kwa namna nyingine. Ulipimwa kwa mtindo. Vijana Jazz walikuwa na Pamba Moto, Mlimani Park walikuwa na Sikinde Ngoma ya Ukae, Juwata walikuwa na Msondo. Mwanamuziki alihama bendi hii kwenda ile, mtindo ukabadilishwa, mashabiki wakagawanyika. Hakuna aliyeketi na kusema kazi yangu iliyopita ilisifiwa, sasa nifanye nini. Mashirika ya umma yalipoanza kuyumba, bendi zake zikayumba nayo, na kaka akarudi nyumbani na barua ya kupunguzwa kazi. Nilihamia Mbeya kwa mjomba mwaka 1993. Katika begi nilibeba kanda tisa za kaka na chupa ndogo ya spiriti ya kusafishia hedi za redio kaseti.

Huku nyuma mambo ya rap yalikuwa yameanza Dar es Salaam. Mwaka 1991 Saleh Jabir alijipatia jina kwa kuchukua mdundo wa Ice Ice Baby wa Wamarekani na kuutilia maneno ya Kiswahili. Kundi la Kwanza Unit likaungana mwaka 1993. Mwaka 1994 ikaja Radio One, na vijana wenzetu wa Dar wakapata watangazaji waliowapigia rap mchana kweupe. Mimi Mbeya sikuwahi kuishika vizuri. Vipindi hivyo vilitufikia vikiwa vimerekodiwa, kanda ikiwa mfukoni mwa kondakta wa basi. Basi lilipanda Kitonga, likapita Iringa na Makambako, likafika stendi usiku, na asubuhi yake kondakta yuko kibandani kwangu anataka apewe kitu.

Nilirekodi kopi na kuziuza. Sikumlipa msanii hata senti. Sheria iliyoleta chama cha hakimiliki, COSOTA, ilitungwa mwaka 1999, lakini hata kabla yake nilijua kwamba sauti ya mtu ni jasho lake. Niliendelea, kwa sababu nilikuwa na njaa na kwa sababu pale Mbeya hapakuwa na njia nyingine ya kijana kuusikia muziki ule. Naliandika hili kwa kuwa historia ya kanda zile Nyanda za Juu Kusini haiwezi kusimuliwa bila sisi wezi wadogo wa vibandani. Wengi wa waliompenda Sugu huku walimpenda kupitia mikono yetu.

Na mikono yetu ilimbadilisha. Kanda halisi moja ilizaa kopi, kopi ikazaa kopi, na wakati inafika kwa makuli wa Mwanjelwa ilikuwa kizazi cha nne au cha tano. Kila unaporekodi kopi kutoka kopi, zile sauti kali za juu hupotea kwanza. Matoazi hufifia, herufi za mwisho za maneno hulika. Besi hubaki, na juu yake hutanda mchakacho kama mvua ya mbali kwenye bati. Juu ya hilo kuna baridi yetu. Asubuhi za Juni na Julai ule mpira unaozungusha deki hukakamaa, kanda hutembea taratibu kuliko inavyotakiwa, na sauti ya mtu hushuka. Nilikuwa nawasha deki saa nzima kabla sijafungua kibanda ili ipate joto, na bado kanda za asubuhi zilitoka nzito kuliko za jioni. Kuna wateja waliokuja saa mbili makusudi, wakitaka zile za asubuhi.

Kwa hiyo Ndani ya Bongo niliyoijua mimi ilikuwa kanda yenye giza. Siwezi kusema kwa uhakika ni giza kiasi gani aliloliweka mwenyewe studio na kiasi gani tuliliongeza sisi. Lakini maneno yalikuwa yake. Ya kwanza ilikuwa imejitambulisha tangu jina: Ni Mimi. Kijana anagonga mlango, anataka ajulikane yupo. Wakati ule wengi bado walikuwa wanapima rap kwa kipimo cha Marekani, nani anatamka Kiingereza kama wale wa kwenye video. Ya pili haikugonga tena. Ilikuwa imeshaingia ndani, na ndani ya nyumba ile iliona vijana wasio na kazi, mashirika yaliyofungwa na wazazi walioishiwa cha kuwaambia watoto. Sugu hakutafuta kuurudisha mshangao wetu wa kwanza. Alitusemea hali yetu kwa Kiswahili cha mtaani, bila haraka. Nadhani hapo ndipo rap ilipoacha kuwa mchezo wa watoto wa mjini, na bado nashangaa kwamba ilimchukua mwaka mmoja tu.

Miaka mingi baadaye, mwaka 2009, kijana mmoja wa duka la intaneti kule Uhindini alinichomea CD ya kundi la Waingereza, Portishead, la karibu na mji wa Bristol. Alijua napenda muziki mzito. Albamu yao ya kwanza, Dummy, ilitoka mwaka 1994 na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Mercury, heshima kubwa kwao. Ya pili waliipa jina la kundi lenyewe na kuitoa mwaka 1997. Niliisikiliza usiku, peke yangu. Sauti ya mwimbaji wao, Beth Gibbons, ilikuwa kama ya mtu anayeongea na marehemu, na nyuma yake palikuwa na mchakacho ambao niliujua vizuri sana. Nikamuuliza yule kijana kama CD yake ni kopi mbovu. Akanieleza kwamba ndivyo walivyoitengeneza. Katika ya kwanza walikuwa wamekopa vipande kutoka santuri za watu wengine. Katika ya pili Geoff Barrow na mwenzake Adrian Utley walipiga vyombo wenyewe, wakavitia kwenye santuri, kisha wakazichezesha na kuzikwaruza ili sauti ipate uzee, halafu ndipo wakatengeneza nyimbo kutokana na santuri hizo.

Nilikaa kimya muda mrefu. Watu wenye studio na fedha walikuwa wamehangaika kuutafuta ule uchafu ambao Mwanjelwa ulikuja wenyewe kwa umaskini wa deki na baridi ya mlima Loleza. Na walipitia mlango ule ule: ya kwanza ilisifiwa, wangeweza kuirudia ikauzika, wakaamua kuacha cha kuazima na kuchimba cha kwao, hata kama kitatoka cheusi zaidi. Baada ya hapo albamu yao ya studio iliyofuata ilikuja mwaka 2008, miaka kumi na moja baadaye. Sugu hakuweza kukaa kimya hivyo. Kwetu wakati ule, kanda isipotoka mwaka ule msanii alikosa kodi ya chumba.

Tukirudi nyuma, mwaka 1998 Sugu alitoa Niite Mister II. Humo mlikuwa na Hali Halisi, wimbo uliosemwa kwenye daladala na kwenye vijiwe kama habari ya magazeti, na mlikuwa na Chini ya Miaka 18, kisa cha binti mdogo anayeishia kuuza mwili. Kwa wimbo huu wa pili nina jambo la kusimulia.

Kulikuwa na mama aliyeuza viazi mviringo, hatua chache kutoka kibandani kwangu. Alikuwa akisikiliza spika yangu kutwa nzima bila kupenda, na mara nyingi aliniomba nipunguze. Siku moja, mwezi mmoja hivi baada ya kanda ile kufika, alikuja akifuta mikono kwenye khanga.

"Mwanangu, ule wimbo wa yule binti. Niwekee."

"Nikuwekee kanda nzima, mama? Iko yote."

"Sitaki yote. Nataka huo tu. Anza nao, maliza nao."

Alikuwa amekuja na kanda yake mwenyewe ili asilipie kanda tupu. Ilikuwa TDK ya dakika 60, karatasi imechakaa, na juu yake mtu ameandika kwa kalamu ya risasi: Tancut. Nilimwambia kwamba nikirekodi juu yake ya zamani itafutika. Akasema ilikuwa ya mumewe, futa tu. Nilirudia wimbo ule mpaka upande wa kwanza ukajaa, nikageuza, nikarudia tena. Majirani zangu wa sokoni walinilaumu kwa kelele za wimbo mmoja mchana kutwa. Baadaye nilisikia kwa mwenye genge la jirani kwamba binti yake wa pili alikwenda Tunduma na madereva wa malori akiwa hajamaliza darasa la saba. Mama mwenyewe hakuniambia, nami sikumuuliza. Nilimwona tu jioni, redio ndogo ya betri kwenye gunia la viazi, amekaa kando yake.

Mwaka uliofuata alirudi, kanda imekatika. Niliichukua nikaiunge nyumbani kwenye taa nzuri, kwa sababu kazi ya kuunga utepe inataka macho na utulivu: unakata ncha mbili mshazari kwa wembe, unazikutanisha juu ya kioo, unabandika kipande chembamba cha selotepu kwa nyuma, unakisugua kwa ukucha mpaka kisionekane. Nilimaliza usiku ule ule. Asubuhi hakuwepo sokoni, na wiki ile nzima hakuwepo. Waliomfahamu walisema amekwenda kwao Makete kuuguza. Sikumwona tena.

Soko la Mwanjelwa liliungua mwaka 2006. Deki zangu, rafu na kanda zote za kibandani zilikwenda na moto, pamoja na zile tisa za kaka nilizobeba kutoka Iringa. Iliyobaki ni ile ya mama wa viazi, kwa sababu ilikuwa nyumbani kwenye kikopo cha majani ya chai ikimsubiri.

Huwa naicheza mara chache, kwa kuiogopea. Deki yangu ya wakati ule haikuwa inafuta vizuri, na kila wimbo unapoisha, kabla haujaanza tena, kuna nafasi ya sekunde tatu au nne. Hapo, chini ya mchakacho, ukiweka sikio karibu na spika, linasikika gitaa la Tancut Almasi, dogo na la mbali, likiendelea na wimbo wake kutoka pale lilipokatizwa.