Namna ya kumtambua nyigu anayeua funza wa mahindi

Mkulima wa Mikese, kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Morogoro, akipasua bua la mhindi lililotobolewa aweza kumkuta funza amenyauka, ubavuni pake pana vifuko vyeupe vidogo kuliko punje za mchele. Ni rahisi kudhani kuwa ni mayai ya mdudu mharibifu na kuyachoma. Kumbe humo wamo nyigu wachanga, ambao mama yao alitaga ndani ya funza nao wakamla akiwa hai.

Nyigu vimelea hao hupangwa kwa maumbile yao, kwanza mishipa ya bawa la mbele. Jamii ya Ichneumonidae huwa na mshipa wa ziada uliokingama, ambao Braconidae kwa kawaida hawana. Chalcidoidea takriban hawana mishipa kabisa. Vipapasio vyao vimepinda mithili ya kiwiko, na wengi humeremeta.

Ugumu umo ndani ya jamii moja. Mwaka 1993 taasisi ya ICIPE ya Nairobi ilimwachia huru pwani ya Kenya Cotesia flavipes, Mbraconidae aliyeletwa kutoka Pakistan kumkabili Chilo partellus, funza ambaye naye asili yake ni Asia. Nyigu huyo, mweusi wa milimita 2 hadi 3, amefanana mno na mwenyeji, Cotesia sesamiae. Hapo macho matupu hayafui dafu. Wataalamu huwatenganisha kwa kutazama viungo vya uzazi vya dume kwa hadubini. Pasipo hivyo, haijulikani funza ameuawa na mgeni au na mwenyeji.